Ng'oa feni: somo la kusafisha na kutengeneza upozaji wa kompyuta mini

Ndugu wanachama, salaam kutoka Arua.

Kiangazi kimeingia huku West Nile, na kila kikiingia, meza yangu ya kazi hujaa mashine za aina moja: vile visanduku vidogo ambavyo shule, SACCO na vibanda vya fotokopi vimevinunua kwa wingi. Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Zimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, zikaletwa kwetu. Hazili umeme mwingi, hazichukui nafasi, na unaweza kuibeba moja kwenye boda boda ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Mimi nazipenda sana mashine hizi. Lakini aliyezibuni aliwaza ofisi yenye zulia na madirisha yaliyofungwa. Hakuwaza duka linalotazama barabara ya murramu, malori ya Koboko yakipita mchana kutwa, na jirani akichoma chapati kwenye sigiri hatua tatu kutoka mlangoni.

Mwenye mashine hufika na moja ya maneno matatu: imekuwa nzito, inapiga kelele, au inajizima. Mara nyingi ameshatumia pesa. Ameambiwa apige Windows upya, aongeze RAM, anunue adapta nyingine. Mashine bado nzito.

Nitawaeleza moja iliyonifanya niandike somo hili. Katibu wa shule aliniletea HP Mini iliyokuwa ikijizima kila alipoanza kuchapa ripoti za wanafunzi mwisho wa muhula wa tatu. Ilikuwa imepita mikononi mwa mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha adapta, wa pili alipiga Windows upya na kuipuliza kwa blowa. Nilipofungua kifuniko, ndani kulikuwa safi kabisa, ubao unang'aa. Nikalegeza skrubu za feni, nikaiinua. Hapo katikati ya feni na mapezi ya chuma kulikuwa na vumbi lililoshikamana likawa kama kipande cha blanketi kuukuu, kijivu chenye wekundu. Nilikishika kwa kibano kikatoka kizima. Upande uliokuwa umelalia mapezi ulikuwa na mistari yake yote, mmoja baada ya mwingine, kama nguo iliyokaliwa kwenye kiti cha ukindu. Blowa haikukitoa. Ilikishindilia.

Kwa hiyo neno langu kubwa katika somo hili ni moja: kupuliza kutoka nje si kusafisha. Ng'oa feni.

Joto linavyotoka

Mini nyingi tulizonazo za Intel zina prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi zote, zenye herufi T mwishoni mwa jina, kama i5-6500T au i5-7500T. Hizo zimepangiwa wati 35. Wati 35 ni kidogo, lakini zinatoka kwenye kitu cha ukubwa wa ukucha, na lazima ziondoke. Joto hupita kwenye kifuniko cha prosesa, linavuka safu nyembamba ya pesti, linaingia kwenye hitisinki, yaani kile chuma chenye mapezi, na feni inalipeleka nje. Kazi ya pesti ni kuziba vijishimo visivyoonekana kwa macho kati ya vyuma viwili, kwa sababu hewa iliyonaswa humo haipitishi joto vizuri.

Prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 hazisubiri kuungua. Hujipunguzia kasi zenyewe. Ndiyo maana mteja anasema "imekuwa nzito" na wala hasemi "imepata moto". Joto likizidi hata baada ya hapo, mashine hujizima ghafla, bila onyo lolote kwenye skrini.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa skrubu

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayotenganisha utengenezaji na kubahatisha. Kwenye Windows weka HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, kwenye Linux tumia amri ya sensors. Washa mashine, iache dakika kumi bila kazi, andika nyuzi. Kisha ipe kazi nzito. Mimi hutumia 7-Zip, programu ya kubana mafaili, kwa sababu ina kipimo cha kasi ndani yake, ni ndogo, na haihitaji intaneti ukishaiweka.

Sasa angalia jinsi joto linavyopanda, si namba ya mwisho tu. Likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, joto halivuki kutoka prosesa kwenda hitisinki: pesti imekauka au hitisinki haijakaa sawa. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa hadi kufika kulekule, hitisinki inapokea joto lakini hewa haipiti: vumbi au feni. Tofauti hii imeniokolea muda mwingi kuliko kifaa chochote nilicho nacho.

Angalia pia kama prosesa inafanya kazi wakati wewe hufanyi kitu. Ikisoma asilimia 100 huku umekaa tu, kuna programu inayoitafuna, pengine sasisho la Windows, pengine kirusi. Hapo ukisafisha feni mpaka ing'ae utakuwa hujatibu ugonjwa.

Katika chumba chenye nyuzi 30, mini iliyo salama kwangu husoma 40 hadi 50 ikipumzika na 70 hadi 85 ikifanya kazi kweli. Andika namba zako kwenye karatasi. Utazihitaji mwishoni, na mteja pia anapenda kuziona.

Hatua ya 2: Vifaa

Bisibisi ya nyota ndogo na ya kati. Brashi laini ya rangi, mswaki mpya, kibano, kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi. Mafuta ya cherehani. Trei ya mayai ya kuwekea skrubu, kila hatua na shimo lake. Simu ya kupigia picha kila kitu kabla hujakigusa.

Alkoholi ya isopropili ndiyo bora ya kufutia. Ukiikosa, spiriti ya duka la dawa inafaa, ila jaribu kwanza: dondosha tone kwenye kioo safi, liache likauke. Likiacha utando au rangi, hiyo hiyo itabaki juu ya prosesa yako. Na tafadhali, usifanye kazi hii karibu na sigiri. Mvuke wa spiriti hushika moto kabla hujajua.

Pesti: nunua iliyoandikwa kwamba ni ya prosesa na haipitishi umeme. Wapo wanaopaka dawa ya meno. Siku ya kwanza nyuzi hushuka kweli, kwa sababu ina maji. Maji yakikauka unabaki na chaki, na mashine inarudi ikiwa na hali mbaya kuliko ilivyokuja.

Hatua ya 3: Fungua

Zima kabisa, chomoa adapta, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa ubao, na urudie kila ukiinuka na kurudi. Kiangazi hewa ni kavu na mwili hubeba umeme bila wewe kuhisi.

Kwenye Dell, HP na Lenovo nyingi za aina hii kuna skrubu moja nyuma. Ilegeze, sukuma kifuniko upande wa mbele, kinainuka. Piga picha. Tafuta waya wa feni unapoingia kwenye ubao, na uchomoe kwa kushika kichwa chake cha plastiki, si kwa kuvuta nyaya. Zile nyaya ni nyembamba, na soketi yake imechomelewa kwa risasi kidogo tu. Kwenye baadhi ya HP, usipoinua feni huwezi hata kuifikia RAM, kwa hiyo usishangae ukiona feni imefunika kila kitu.

Hatua ya 4: Feni na mapezi

Legeza skrubu za feni, iinue. Kama kuna lile blanketi, litoe kwa kibano likiwa zima. Usilisugue kwanza, maana litavunjika na kuingia ndani ya mapezi. Ukishalitoa, piga mapezi brashi kwa kufuata mistari yake, kamwe si kwa kuikata, kwa sababu mapezi ni membamba na yakilala yanafunga njia ya hewa. Inua kasha uelekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati ya kila pezi, umemaliza.

Feni yenyewe inataka subira. Kila panga lina ukoko kwenye ukingo wake wa mbele. Futa moja moja kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Karibu na wanaopika, vumbi huwa limechanganyika na mafuta na linanata, brashi kavu hailitoi. Ukoko ukibaki kwenye mapanga mawili na mengine yakiwa safi, feni inakosa uwiano, inatetemeka, na mlio unaongezeka badala ya kupungua.

Kuhusu blowa: itumie sasa, baada ya kung'oa, tena nje ya nyumba, na ushikilie mapanga yasizunguke. Feni ikizungushwa kwa upepo mkali hupita mwendo iliotengenezewa na bushi yake huumia. Ile kompresa ya watu wa pancha iacheni kabisa. Tangi lake lina maji na mafuta, na vyote vinarushwa pamoja na upepo.

Sasa jaribu feni kwa kidole. Ikizungushwa inapaswa kuteleza na kusimama taratibu. Ikisimama ghafla kama iliyoshikwa, grisi imekauka. Bandua taratibu stika iliyo katikati. Ukiona mhimili mdogo chini yake, dondosha tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole mara ishirini hivi, futa yaliyomwagika, rudisha stika. Tone moja tu, kwa sababu yakizidi yanatoka na kukusanya vumbi upya. Mafuta ya kupikia huganda, na dawa za kupuliza za kulegeza kutu huyeyusha grisi iliyobaki kisha zenyewe zinakauka. Kama chini ya stika pamefungwa kabisa kwa plastiki, au mhimili unacheza kushoto na kulia ukiusukuma, usipoteze muda. Badilisha feni.

Hatua ya 5: Hitisinki na pesti

Kama kipimo chako cha hatua ya kwanza kilionyesha joto linalopanda polepole, na nyuzi zikawa nzuri baada ya kusafisha, unaweza kuishia hapo. Ila mashine iliyokuja kutoka ng'ambo ikiwa na pesti ya kiwandani ya mwaka 2016 au 2017, mimi huwa nabadilisha kwa vyovyote vile.

Rudisha feni kwa muda, iwashe dakika tano ili pesti ilainike, kisha zima, uchomoe na utoe feni tena. Legeza skrubu za hitisinki kwa mshazari, kila moja nusu mzunguko, usimalize moja kabla ya nyingine. Halafu usivute. Sokota kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi imeachia. Jambo hili ni muhimu zaidi kwenye mini zenye prosesa ya AMD, kama ThinkCentre M715q, kwa kuwa pini ziko kwenye prosesa yenyewe. Ukivuta kwa nguvu, prosesa inang'oka pamoja na hitisinki na pini zinapinda. Kwenye Intel pini ziko ndani ya soketi, kwa hiyo usiinue prosesa bila sababu, na usidondoshe kitu humo.

Futa pesti ya zamani pande zote mbili mpaka kitambaa kitoke cheupe. Weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ya harage dogo. Teremsha hitisinki wima, usiitelezeshe, kaza kwa mshazari vilevile. Watu huogopa kuweka kidogo, wanapaka kama siagi kwenye mkate. Safu nene hupitisha joto vibaya, kwa sababu pesti hata iwe nzuri vipi haiwezi kushindana na chuma kugusana na chuma.

Ukikuta vipande laini kama raba juu ya chipu nyingine, hizo ni pedi. Usiweke pesti mahali pake. Pedi huziba nafasi ya nusu milimita, au moja, au zaidi, na pesti haiwezi kujaza nafasi hiyo. Pedi ikichanika, pima unene wake kabla ya kutafuta nyingine. Nene kupita kiasi huinua hitisinki nzima isiguse prosesa.

Hatua ya 6: Rudisha na upime tena

Rudisha feni, chomeka waya wake kabla ya kufunga, angalia hakuna waya unaogusa mapanga. Funga kifuniko ndipo upime, maana kifuniko ndicho kinachoelekeza hewa ipite kwenye mapezi. Rudia kipimo kilekile cha 7-Zip, muda uleule. Ile mashine ya shule ilitoka nyuzi 99 ikaja 72, na katibu alichapa ripoti za madarasa yote siku hiyohiyo.

Uliza sasa, ndugu zangu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Koboko: Fundi, nimefuata hatua zote, nimeweka pesti mpya, lakini inaruka hadi 98 mara tu nikifungua programu. Kabla ya kusafisha ilikuwa inachukua dakika.

*Jibu:* Kaka, umejipa jibu mwenyewe. Kabla ilipanda polepole, sasa inaruka, maana yake vumbi limeondoka lakini hitisinki haijakaa. Ifungue tena na usome pesti kabla ya kuifuta. Kama imetandazwa upande mmoja na upande wa pili iko kama ulivyoiweka, ulikaza skrubu moja hadi mwisho ukaacha nyingine. Kama haijatandazwa kabisa, kuna kitu kinainua hitisinki, mara nyingi waya wa feni uliobanwa chini yake au pedi nene. Futa, weka upya, kaza kwa mshazari. Usiirudishe juu ya pesti ileile iliyokwisha kuguswa, hewa inanaswa katikati.

Kutoka Entebbe: Mwalimu, yangu ina harufu mbaya kama ya samaki na feni imejaa wadudu. Niko karibu na ziwa, wale sami wakija jioni taa yote inakuwa nyeusi.

*Jibu:* Pole dada. Sami wana mafuta mwilini, na wakisagwa na feni wanabandika mapezi kama gundi. Brashi haitoshi. Ng'oa hitisinki iwe peke yake, bila feni na bila kitu chochote cha umeme, uioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo ukitumia mswaki. Suuza, kung'uta, iache juani mpaka kesho yake. Nasema kesho, kwa sababu maji hukaa katikati ya mapezi hata kama nje kumekauka. Feni usiioshe, ifute kwa spiriti. Halafu jioni zima mashine kabla ya kuwasha taa, au hamisha meza iwe mbali na dirisha. Wavu wa mbu dirishani unazuia wengi.

Kutoka Tororo: Mimi nauza vifaa vya ujenzi, saruji inafunguliwa hapo hapo dukani. Nimesoma jibu la Entebbe, nami niioshe kwa maji?

*Jibu:* Hapana kabisa, ndugu. Saruji ikikutana na maji inaganda, na ikigandia ndani ya mapezi hutaitoa. Wala usijaribu siki, asidi inakula alumini. Kwako ni brashi kavu, nje ya duka, ukifuata mistari, kisha blowa ukishikilia feni. Futa mapanga kwa isopropili yenye nguvu, si ile iliyochanganywa na maji. Tena wewe usisubiri mashine ilie. Kila mwezi ifungue. Na kama unaweza kuiweka kwenye chumba cha pili ukapitisha waya wa skrini na wa kibodi ukutani, hiyo itakusaidia kuliko kusafisha kwote.

Kutoka Nakivale: Fundi, huku kambini isopropili hatuipati. Jamaa anasema waragi inafanya kazi ileile.

*Jibu:* Waragi ya chupa ni alkoholi asilimia 40 hivi, iliyobaki karibu yote ni maji. Maji hayaondoi grisi ya pesti vizuri na yanachelewa kukauka. Ya kienyeji ndiyo usiiguse, hujui kilichomo. Mkikosa kabisa, futeni pesti kwa kitambaa kikavu, mara nyingi, mkibadilisha upande, mpaka kiwe kinatoka kisafi. Inachukua muda lakini inafaa. Uliza pia kwenye duka la dawa spiriti ya kusafishia kabla ya sindano, na ufanye lile jaribio la kioo.

Kutoka Busia: Nilibadilisha feni. Nimepata sokoni inayofanana kabisa, hata matundu ya skrubu ni sawa. Sasa inazunguka kwa nguvu zote bila kupumzika na kila nikiwasha inaniambia feni ina hitilafu.

*Jibu:* Hili limewapata wengi. Feni ya nyaya nne ina kazi nne: moja ni hasi, moja ni chanya, moja inaiambia mashine feni inazunguka kasi gani, na moja inapokea amri ya kuongeza au kupunguza kasi. Yako inapata umeme, ndiyo maana inazunguka, lakini zile mbili za mawasiliano haziko mahali pake. Mpangilio wa nyaya hutofautiana kati ya watengenezaji hata kama kichwa cha plastiki kinaingia. Chukua feni ya zamani, iweke kando ya mpya, linganisha rangi na nafasi. Kama rangi hazilingani usibahatishe, kwa sababu ukigeuza hasi na chanya unaweza kuunguza feni au ubao. Soma pia stika ya kila moja. Ya zamani ikiwa imeandikwa volti 12 na mpya volti 5, ichomoe sasa hivi. Dawa nzuri kuliko zote ni kutafuta feni kwa namba iliyoandikwa kwenye stika ya ile ya zamani, si kwa sura. Usiitupe feni iliyokufa mpaka mpya iwe inafanya kazi.

Na kwa wote: msizime onyo la feni kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, ili mashine iwake tu. Nimepokea mashine za namna hiyo, feni imekufa zamani na mwenyewe hajui.

Kutoka Mbarara: Yangu ni Intel NUC. Nimefungua skrubu nne za chini, nikaona RAM na SSD, feni sioni.

*Jibu:* Iko upande wa pili wa ubao, ndugu. Kwenye NUC nyingi inabidi utoe ubao wote. Kwanza chomoa vile viwaya viwili vyembamba vya antena ya Wi-Fi, kwa kuvisukuma juu taratibu kwa ukucha, na upige picha kipi kilikaa wapi. Toa skrubu za ubao, kisha uinue huku ukipanua kidogo ukuta wa nyuma ili matundu ya nyaya yaachie. Feni utaikuta hapo. Angalizo moja: prosesa ya NUC imechomelewa kwenye ubao na haina kifuniko cha chuma. Ni silikoni tupu, inang'aa na kumeguka kama kioo. Ukibadilisha pesti, ipake safu nyembamba ifunike kioo chote, na ukaze skrubu kwa zamu bila kulazimisha. Pembe ya kioo ikimeguka, ubao wote umekwenda.

Kutoka Moroto: Mimi ni mstaafu, natumia mini kwa hesabu za mifugo na kuangalia mpira. Nimekuwa nikipuliza kwa nje miaka mitatu na haijawahi kuzima. Kwa nini nijisumbue kuing'oa?

*Jibu:* Afande, heshima yako. Sikulazimishi uamini neno langu. Fanya hatua ya kwanza peke yake: weka HWiNFO, fungua mechi, uangalie nyuzi baada ya nusu saa. Zikiwa chini ya 85, huna haja ya kufungua leo. Lakini HWiNFO huweka pia safu inayosema kama prosesa imewahi kujipunguzia kasi kwa sababu ya joto. Ikisema ndiyo, basi mashine yako haikuzima kwa sababu imekuwa ikipunguza kazi.

*Moroto tena, siku mbili baadaye:* Imesema ndiyo. Nimeing'oa feni. Blanketi lilikuwepo, limechanganyika na manyoya ya mbuzi. Nimepiga picha lakini naona haipandi hapa mtandaoni.

*Jibu:* Asante afande. Ilikuwa ngapi, na sasa ni ngapi?

*Moroto:* 97. Sasa 76, mechi ileile ya marudio.

Kutoka Kasese: Habari fundi. Mimi nina duka la fotokopi, mwanangu aliifungia mini nyuma ya skrini ili meza iwe wazi. Tangu hapo inapiga kelele. Aitoe?

*Jibu:* Habari za huko mama. Kuifunga nyuma ya skrini si vibaya, mashine hizi zina vyuma maalumu kwa kazi hiyo. Tatizo ni skrini kuegemea ukuta. Mini inavuta hewa moto ya skrini na ile yake yenyewe iliyorudi kutoka ukutani. Mwambie kijana avute meza mbele kiasi cha kiganja, kisha aangalie matundu ya kutolea hewa yasitazame skrini wala rundo la karatasi. Kelele isipopungua hadi kesho, basi si mahali ilipo, aifungue aanze na feni. Na ile mashine ya fotokopi kubwa, isipulizie hewa yake upande huo, hutoa joto na unga wa wino pamoja.